Kupima Presha ya Jicho la Mtoto: Lamu na Malindi Zinunue Mashine Ipi?

Bajeti ya vifaa vya macho ikijadiliwa, kwanza huulizwa ni mashine ipi inayopima presha ya jicho kwa usahihi kuliko nyingine. Kwa mtu mzima jibu halina ubishi mwingi: ni tonomita (kifaa cha kupima presha ya jicho) ya Goldmann, ile inayokaa juu ya taa ya kuchunguzia jicho, na ambayo tangu miaka ya 1950 ndiyo tonomita nyingine zinapimwa kwayo. Sasa mchukue mtoto wa miezi minane aliyeletwa kwa boti kutoka Faza, kisiwani Pate. Kidevu hakikai kwenye kiegemeo, macho ameyafumba, na akiiona ile taa ya buluu analia mpaka sauti inamkauka. Namba utakayopata hapo, ukiipata, ni ya kilio, si ya glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha kupanda.

Kwa hiyo naona swali limeanza pasipofaa. Kwa kliniki za huku kwetu Pwani ya Kenya, mashine ya kwanza kununuliwa kwa ajili ya watoto iwe ile inayoweza kupata namba kwa mtoto aliye macho na aliyetulia, hata kama namba hiyo imezidi kidogo. Zile zenye usahihi zaidi zibaki kwa kazi ya kuthibitisha. Na hiyo ya kwanza, kwa maoni yangu, ni tonomita ya mdundo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la iCare. Ina kasoro, na baadhi si ndogo, lakini inajulikana zinaelemea upande gani.

Kabla ya mashine, jicho lenyewe. Kwa mtu mzima presha ya jicho inaweza kupanda miaka na miaka bila mtu kuhisi lolote. Kwa mtoto mchanga ukuta wa jicho bado ni laini, hivyo presha ikipanda jicho hutanuka. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hukua kuliko kawaida, utando wake wa ndani hupasuka na kuacha mistari, maji huingia, na jicho linakuwa na ukungu. Mtoto hutokwa na machozi, hukwepa mwanga, hufumba macho kwa nguvu. Mara nyingi kabla ya yote hayo familia imeshapokea sifa: mtoto ana macho makubwa, mashallah. Kutanuka huku huendelea hadi umri wa miaka mitatu hivi, kisha ukuta hukaza na ugonjwa huanza kufichika kama wa watu wazima.

Wataalamu waliokutana chini ya World Glaucoma Association, chama cha dunia cha wataalamu wa glakoma, mwaka 2013 walikubaliana kuwa mtoto haitwi mgonjwa wa glakoma kwa dalili moja, lazima ziwe mbili au zaidi. Presha inayozidi milimita 21 za zebaki (ndicho kizio cha presha) ni mojawapo. Nyingine ni kuchimbika kwa kichwa cha neva ya jicho. Konea yenye mistari ya Haab, ile ya utando uliopasuka, au yenye upana wa milimita 11 na zaidi kwa mtoto mchanga, zaidi ya 12 kwa aliye chini ya mwaka, zaidi ya 13 kwa umri wowote. Jicho linalorefuka au kuzidi kuona karibu tu kwa kasi isiyo ya umri wake. Na kupungua kwa eneo la kuona kwa mtoto mkubwa anayeweza kupimwa. Anayenunua mashine ya presha akidhani amenunua utambuzi wa glakoma amenunua moja kati ya hizo. Kalipa ya kupimia upana wa konea ni ya bei ndogo sana ikilinganishwa na tonomita yoyote ya umeme, na bado kuna kliniki zinazofikiria ya pili kabla ya ya kwanza.

Goldmann na ndugu yake wa mkononi, Perkins, hufanya kazi kwa kanuni moja: kubonyeza konea mpaka duara la kipenyo cha milimita 3.06 liwe bapa, na kusoma nguvu iliyotumika. Jicho hutiwa tone la ganzi na rangi ya fluoresini, likamulikwa kwa mwanga wa buluu, kisha mpimaji huona nusu duara mbili za kijani. Huzungusha gurudumu mpaka kingo za ndani za nusu duara hizo zigusane, akasoma namba na kuizidisha kwa 10. Rangi ikizidi, mistari huwa minene na presha husomeka juu kuliko ilivyo. Ikipungua, husomeka chini. Kichwa cha kifaa kikisafishwa kwa spiriti kisikauke, spiriti huunguza konea, na kesho yake mtoto hafumbui jicho kwa maumivu ambayo hayahusiani na glakoma. Wanaokitumbukiza katika dawa ya klorini iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika tano hadi kumi, wakakisuuza kwa maji safi na kukikausha, wana kinga nzuri zaidi dhidi ya virusi.

Tofauti ya Perkins ni kwamba ina uzani wa ndani unaoisawazisha, hivyo inapima mgonjwa akiwa amekaa au amelala chali. Ndiyo inayostahili kuwa katika chumba cha upasuaji. Lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja aliye macho inahitaji watu watatu: mmoja wa kumshika, mmoja wa kufungua kope, mmoja wa kutazama. Kope zikifunguliwa kwa lazima, presha inapanda.

Tono-Pen iko katikati. Ni ndogo kama kalamu nene, inagusa eneo dogo tu la konea, na hutoa wastani wa miguso kadhaa pamoja na alama inayoonyesha kama miguso ilikubaliana. Kwa jicho lenye kovu au konea isiyo laini, ndiyo ningeitumia, kwa sababu unaweza kuchagua sehemu iliyo nzima. Inahitaji tone la ganzi, na kila mgonjwa anapata kifuniko kipya cha mpira kwenye ncha. Kifuniko kikivutwa mno au kikilegea, mashine hudanganya, na hii ni sababu ya namba nyingi za ajabu. Tena huwa inapunguza presha iliyo juu sana na kuongeza iliyo chini sana, yaani inavuta kila kitu kuelekea katikati. Kwa ugonjwa ambao unatafuta namba za juu, tabia hiyo siipendi. Betri zake pia si zile za rimoti zinazouzwa kila duka.

Kipimo cha Schiøtz, cha chuma, kilichobuniwa Norwei mwaka 1905, bado kimo katika makabati ya kliniki nyingi, na wapo wanaokitetea: hakina betri, hakiharibiki upesi, bei yake ni ndogo. Kwa watu wazima katika kambi ya macho sina ugomvi nacho. Kwa watoto ninao. Kifaa hiki hupima jinsi kijiti chenye uzani wa gramu 5.5, 7.5 au 10 kinavyozama katika konea, na jedwali la kubadilisha namba hizo kuwa presha lilitengenezwa kwa jicho la mtu mzima lenye ukuta mgumu. Jicho la mtoto mchanga hulegea na kutanuka kijiti kinapozama, kijiti kinakwenda chini zaidi, na jedwali linasema presha ni ndogo. Yaani kifaa kinakosea kwa kumtuliza daktari, kwa mtoto yule yule ambaye jicho lake limeshatanuka kwa ugonjwa. Bado kuna chumvi ya bahari: kijiti kikipata kutu kidogo tu hukwama ndani ya bomba lake, na sasa kosa linageukia upande wa pili. Kabla ya kila mgonjwa kiwekwe juu ya kibao chake cha majaribio kisome sifuri, na kijiti kiteleze bila kusukumwa.

Mashine za kupuliza hewa tuziache kwa maduka ya miwani. Mtoto akishapulizwa mara moja hafumbui tena. Kubonyeza kwa vidole juu ya kope kunaweza kutofautisha jiwe na embe bivu, zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Tumefika kwenye iCare. Hii ni teknolojia ya Ufini. Kijiti chembamba cha chuma chenye kichwa cha plastiki kisichofika milimita 2 kwa upana husukumwa na sumaku kuelekea kwenye konea, kinagusa kwa muda mfupi mno, kinarudi. Mpira uliojaa upepo hudunda na kurudi upesi kuliko uliolegea, na jicho lenye presha ya juu hufanya vivyo hivyo. Mashine inasoma jinsi kijiti kilivyopunguza kasi na kukadiria presha. Vipimo ni sita. Cha juu kabisa na cha chini kabisa hutupwa, vinne vinavyobaki hutoa wastani. Hakuna tone la ganzi, hakuna rangi, na mguso ni mwepesi kiasi kwamba watoto wengi hupepesa tu.

Utaratibu wake ni mfupi lakini una mitego. Kijiti kinatumbukizwa katika kishikizi, kisha kitufe kinabonywa ili sumaku ikishike. Ukiinamisha mashine kabla ya hapo, kijiti kinadondoka sakafuni na umepoteza kimoja. Mguse mtoto mkononi kwanza asikie mlio na aone hakuna sindano. Kiegemeo cha paji la uso kirekebishwe mpaka ncha iwe milimita 4 hadi 8 kutoka kwenye konea, ikielekea katikati, si pembeni. Mama ampakate mtoto mapajani, mgongo wa mtoto kifuani kwake. Mtoto anayenyonya aje na njaa: mnyonyeshe hapo hapo kliniki, na akishatulia na macho yakiwa wazi kidogo, pima. Kope ikibidi kuinuliwa, iinuliwe kwa kuikandamiza kwenye mfupa wa paji, kidole kisiguse jicho kabisa. Watoto wetu wengi wana nywele ndefu za kope, na kijiti kikizipiga njiani namba inatoka haina maana. Mashine ikionyesha alama kwamba vipimo sita vimeachana sana, futa urudie. Kuandika namba hiyo na alama ya kuuliza pembeni hakumsaidii mtu.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye zabuni. Matoleo ya mwanzo, kama TA01i, hupima tu kijiti kikiwa mlalo, maana yake mgonjwa awe ameketi au amesimama. Mtoto akilala chali hayafanyi kazi. Toleo la PRO na lile la IC200 hupima hata mgonjwa akiwa amelala. Hati ya ununuzi ikiandikwa jina la kampuni peke yake, muuzaji ataleta lililo rahisi, na mashine haitaingia chumba cha upasuaji wala kumfaa mtoto mchanga asiyeweza kuketi, isipokuwa mama amshike wima begani.

Sasa usahihi. Kwa watoto, iCare kwa kawaida husoma juu ya Goldmann kwa wastani wa milimita 2 hadi 3 za zebaki. Huo ni wastani. Kwa mtoto mmoja mmoja tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi, hasa presha ikiwa juu au konea ikiwa nene. Watoto waliotolewa mtoto wa jicho wakiwa wachanga mara nyingi wana konea nene, na ndio hao hao walio katika hatari ya glakoma baadaye, hivyo kwao namba ya 24 haimaanishi kile inachomaanisha kwa mwingine.

Wapinzani wa mashine hii huishia hapo: inazidisha, basi haifai. Mimi naona kuzidisha ndiko kunakoifanya ifae kliniki iliyo mbali na daktari bingwa. Ikisoma 14 kwa mtoto aliyetulia na mwenye konea ya kawaida, presha yake halisi haielekei kuwa ya hatari, na familia haina haja ya kupanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, ili mtoto akalazwe kwa dawa ya usingizi Mombasa na kuambiwa yuko sawa. Ikisoma 27, hupimwa tena, huangaliwa konea na neva, na safari inaanza. Mashine ikielemea juu tunalipa nauli, ikielemea chini tunalipa jicho.

Hoja hii ina mahali inapovunjika. Huku Pwani tuna watoto wengi wenye macho ya kuwasha, mzio wa vumbi na joto, wanaoyasugua chuoni na shuleni mchana kutwa. Wazazi huwanunulia dukani matone yenye steroidi, kwa sababu yanatuliza siku ile ile. Matone hayo, yakitumiwa kwa wiki na miezi, hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watoto hadi kuua neva, bila maumivu na bila jicho kutanuka maana mtoto ameshapita umri huo. Na kusugua huko kunaandamana na konea kuwa nyembamba na kuchongoka. Konea nyembamba hushusha namba ya kila tonomita tuliyoitaja. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi wa Malindi mwenye macho mekundu, chupa ya deksamethasoni (mojawapo ya matone hayo ya steroidi) mfukoni na iCare inayosoma 19, si mtoto wa kurudishwa nyumbani. Aangaliwe neva, apimwe unene wa konea ikiwezekana, na matone yabadilishwe kwa yale ya mzio yasiyo na steroidi. Vivyo hivyo kwa konea iliyojaa maji: ni laini isivyo kawaida, na tonomita za kubonyeza husoma chini. Jicho kubwa lenye ukungu ni la rufaa hata kama namba ni nzuri.

Jambo linalovuruga familia kuliko yote ni namba kutoka mashine mbili. Chukua mfano wa mtoto wa miezi 18 aliyefanyiwa upasuaji wa kufungua njia ya maji ya jicho. Mombasa alipimwa akiwa amelala kwa gesi ya sevoflureni, Perkins ikasoma 15. Wiki tatu baadaye, Lamu, akiwa macho mapajani kwa mama, iCare inasoma 21. Baba anauliza kama upasuaji umeshindwa. Hesabu inaonyesha kuwa jicho hilo linaweza kuwa halijabadilika hata kidogo: gesi za usingizi hushusha presha, iCare huongeza 2 au 3, na mtoto akijikaza kidogo anaongeza yake. Dawa nyingine za usingizi zinakwenda kinyume. Ketamini haishushi, wakati mwingine hupandisha. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli inayotumiwa pamoja nazo, hupandisha kwa dakika kadhaa. Mpira wa kupumulia ukiingizwa kooni presha hupanda tena. Ndiyo maana presha chini ya dawa ya usingizi hupimwa mara tu mtoto anapolala, kabla ya mpira, na kabla ya kile chuma cha kutenganisha kope, ambacho nacho hukandamiza jicho.

Kwa mtoto huyu afisa wa macho achukue kalipa. Kama konea ilikuwa milimita 12.5 siku ya upasuaji na leo ni 12.5, iko angavu, na mtoto anafungua macho hata kwenye mwanga wa dirishani, apimwe tena baada ya wiki moja au mbili kwa mashine ile ile, saa zile zile. Kama imefika 13 na ina ukungu, aondoke siku hiyo. Fumbo lenyewe lingeepukika kama hospitali ya upasuaji ingempima pia kwa iCare akiwa macho, asubuhi kabla ya kulazwa mezani, ili kliniki ya nyumbani iwe na namba ya kulinganisha nayo. Kwenye kitabu cha mtoto isiandikwe "presha 21" tu. Iandikwe mashine gani, jicho lipi, alikuwa macho au usingizini na kwa dawa gani, ameketi au amelala, alilia au hakulia, saa ngapi.

Glakoma ya kuzaliwa nayo inaweza kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili ambao wenyewe hawaumwi, na ndoa za binamu huongeza uwezekano huo. Mtoto mmoja akipatikana nayo, kila mdogo wake anayezaliwa apimwe konea katika wiki za kwanza, kisha presha. Huyu ndiye mtoto ambaye mashine isiyohitaji usingizi inamfaa kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa atapimwa mara nyingi.

Kilichobaki ni gharama, na hapa ndipo mashine nzuri huishia kabatini. Kijiti cha iCare ni cha mgonjwa mmoja. Kinaweza kupima macho yote mawili ya mtoto huyo, isipokuwa jicho moja lina usaha, kisha kinatupwa. Wanaokifuta kwa spiriti na kukirudisha wanahatarisha maambukizi, na kijiti kilichopinda hakiendi sawa. Vijiti huja kwa boksi la 100. Kliniki inayoona watoto 20 kwa mwezi inahitaji 240 kwa mwaka, yaani maboksi matatu pamoja na vya kudondoka. Hizo si pesa za mashine, ni za matumizi ya kila mwaka kama glavu na matone, na ziwekwe kwenye fungu hilo. Zikibaki kwenye fungu la vifaa, mwaka wa pili hakuna atakayezikumbuka. Kishikizi cha kijiti hujaa vumbi na unyevu wa chumvi, kijiti kinaanza kukwaruza kikitoka, na namba zinatawanyika. Kisafishwe kwa spiriti na kukaushwa kabisa angalau mara mbili kwa mwaka, na kwa kliniki iliyo kando ya bahari mara nyingi zaidi. Betri zitolewe mashine ikikaa bila kazi. Hati ya zabuni itaje kwamba mashine ipime mgonjwa akiwa amelala chali, ije na vijiti vya mwaka mzima na vishikizi viwili vya akiba, na muuzaji aonyeshe kuipima kwa mtu aliyelala kabla ya kutiwa sahihi ya kupokea.